Piri Reis, nahodha aliyeipata siri ya Wareno



Ndugu msomaji, kabla ya kumfikia mtu wetu tuanzie Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika hapo akiwa hajui namna ya kuvuka bahari kwenda India. Sultani wa Malindi akampa rubani. (Wengi husema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Watafiti wengi wa leo hawakubali, na mimi niko upande wao.) Elimu ya pepo za msimu, ambayo mabaharia wa bahari hii waliirithishana kwa karne nyingi, ilitolewa bila kufichwa, na haukupita hata mwezi mmoja Wareno wakawa Calicut.

Miaka sita tu baadaye, 1504, Mfalme Manuel wa Ureno akapiga marufuku wachora ramani kuonyesha njia ya baharini kuanzia mto Kongo kuendelea kusini. Ndiyo, mto Kongo huu huu. Alichopewa bure Malindi kikawa siri ya dola yake. Wageni walikuwa wameshaanza kuizunguka siri hiyo: mwaka 1502 Alberto Cantino, mjumbe wa mtawala wa Ferrara kule Italia, alilipa dukati 12 za dhahabu akachorewa Lisbon kwa siri ramani yenye pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Hiyo ndiyo dunia aliyoikuta Piri Reis. Alizaliwa Gelibolu, mji wa mabaharia wa dola ya Uthmaniya, na tangu utotoni alisafiri na ami yake, nahodha Kemal Reis, akipigana na merikebu za Wakristo katika bahari ya Mediterania. Kemal Reis alikuwa na mateka Mhispania aliyewahi kusafiri na Christopher Columbus mara tatu, na kupitia kwake habari za nchi mpya za magharibi ziliwafikia.

Ami alipofariki, Piri akarudi Gelibolu na kukaa chini kuchora. Mwezi wa Muharram mwaka 919 Hijria, yaani 1513, alimaliza ramani ya dunia juu ya ngozi ya swala. Linalonivutia mimi kuliko yote ni kwamba aliandika juu ya ngozi hiyo hiyo wapi alikotoa elimu yake: ramani kongwe za tangu zama za Ptolemy, ramani moja ya Waarabu ya India, ramani ya Columbus, na ramani mpya za Wareno wanne zinazoonyesha Sindi, India na China. Yaani zile zile habari ambazo Manuel alitaka zibaki Lisbon. Hakuona haya kumtaja asiye Mwislamu kuwa ndiye aliyemfundisha. Sisi tunaokopi kazi za darasani bila kutaja chanzo tuna la kujifunza hapo. (Na wale wanaodai kuwa ramani hiyo inaonyesha Antaktika bila barafu, tuwaachie hadithi yao.)

Mwaka 1517 alimkabidhi Sultan Selim ramani hiyo mjini Cairo. Baadaye akaandika Kitab-i Bahriye, kwanza 1521, kisha 1526 akakipanua kwa ajili ya Sultan Suleiman kikawa na ramani zaidi ya 200: bandari, miamba ya hatari, mahali pa kuteka maji. Humo pia alieleza habari za Wareno katika Bahari ya Hindi. Kitabu hicho kilinakiliwa tena na tena, na makumi ya nakala zake zipo hadi leo.

Ramani ya 1513 haikuwa na bahati hiyo. Iliingia kasri la sultani, na dunia ikaisahau.

Uzeeni alifanywa amiri wa meli za Uthmaniya zilizokuwa Suez, kupambana na wale wale Wareno. Aliirudisha Aden, na mwaka 1552 akaiteka Maskati. Akaizingira ngome ya Hormuz, ikamshinda. Akaenda Basra, akaacha sehemu kubwa ya meli zake huko, akarudi Misri na chache tu. Kwa kosa hilo sultani aliamuru auawe, na akauawa Cairo mwaka 1553, mzee wa takriban miaka 80. Allah amrehemu.

Mwaka 1929, kasri la Topkapı mjini Istanbul lilipokuwa likigeuzwa makumbusho, ramani yake ilionekana tena. Ilikuwa imefungiwa miaka zaidi ya 400, muda mrefu kuliko siri ya Manuel ilivyodumu, na safari hii si Mreno aliyeifungia. Na haikuwa nzima. Kipande kilichobaki kina Hispania, Afrika Magharibi na Amerika. Upande wa Bahari ya Hindi, uliotokana na ramani za Wareno wale wanne na ile ya Waarabu, haujapatikana mpaka leo.