Zworykin, mhandisi aliyekusanya mwale wa runinga

KWA miaka mingi, wakazi wa Ukunda, Diani na Msambweni walitazama habari na kandanda katika runinga zenye kisogo kirefu. Ni wachache waliojua kwamba ndani ya kisogo hicho mlikuwa na jasho la Vladimir Zworykin, mhandisi aliyezaliwa mjini Murom, Urusi, mwaka 1888.

Zworykin alisomea St Petersburg chini ya Boris Rosing, aliyekuwa akijaribu kusafirisha picha kwa umeme. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliposhtadi, aliihama nchi yake na kulowea Marekani mwaka 1919.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mwale wenyewe. Elektroni hutawanyika njiani, na mwale uliotawanyika huchora picha yenye ukungu. Waliomtangulia walitia gesi kidogo ndani ya neli ili kuukusanya, lakini gesi hiyo ilifupisha uhai wa neli.

Mwishoni mwa mwaka 1928, alizuru Paris na kuona neli ya Holweck na Chevallier, iliyokusanya mwale kwa nguvu za umeme. Aliliendeleza wazo hilo, na mnamo Novemba 1929 akaonyesha neli yake, kineskopu.

Siri ilikuwa mapipa madogo ya chuma yenye volti tofauti. Elektroni zinapovuka pengo baina ya mapipa hayo, kwanza husukumwa kuelekea katikati, kisha hurudishwa nje. Hata hivyo, wakati huo zimekwisha kuongeza kasi, hivyo msukumo wa pili hauzipindi sana. Matokeo yake ni kukutana mahali pamoja, kama miale ya jua inayopita katika lenzi ya kioo.

Sifa zilimjia pamoja na kesi. Kampuni yake, RCA, ilizozana na kijana Philo Farnsworth kuhusu nani alitangulia kubuni runinga ya kielektroniki. Mwaka 1935 uamuzi wa hataza ulimpendelea Farnsworth, na mwaka 1939 RCA ikakubali kumlipa.

Zworykin alifariki Julai 29, 1982, mjini Princeton. Leo skrini bapa zimezing'oa neli zake sebuleni, lakini lenzi za umeme zingali zikikusanya miale katika mitambo ya maabara. Kumwita baba wa runinga bila kuwataja Rosing, Holweck, Chevallier na Farnsworth ni kuwadhulumu waliobeba mzigo huo pamoja naye, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.