Jenerali Tombeur na Wapagazi Wake

Charles Tombeur alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Liège, nchi ya Ubelgiji. Ujanani aliingia jeshi, na mwaka 1902 akaja Kongo. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza alikuwa mkubwa wa serikali ya Katanga, akikaa Elisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi.

Vita ilianza mwaka 1914. Siku zile Wajerumani walitawala Rwanda, Burundi na Tanganyika. Mwaka 1915 Tombeur alipewa kuongoza jeshi la Kongo upande wa mashariki. Askari wake walikuwa zaidi ya 10,000, watu hodari, wenye bunduki na mizinga. Lakini hakuweza kwenda upesi. Jambo moja lilimhangaisha sana: watu wote hawa watakula nini njiani?

Watoto, hesabuni nanyi. Barabara za gari zilikuwa haba sana, na penye mbung'o ng'ombe na punda hufa. Basi mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Tuseme mpagazi mmoja amechukua kilo 25 za unga. Naye ni mtu, sharti ale. Akila kilo moja kila siku, akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20. Askari atapata kilo 5 tu! Njia ikizidi kuwa ndefu, mzigo wote utaliwa kabla ya kufika. Ndiyo sababu jeshi lilihitaji wapagazi wengi kuliko askari.

Mwaka huo wa 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika kwenye Ziwa Tanganyika. Sasa vyakula viliweza kufika pwani ya ziwa kwa gari moshi. Lakini vingevukaje? Meli za vita za Wajerumani zilikuwa zikilinda maji. Basi Waingereza wakaleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilishushwa katika gari moshi huku kwetu Fungurume, si mbali na Kakanda, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba. Mashine za mvuke zilizozivuta zilipokosa maji, wanawake wa vijiji waliyaleta kichwani. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliteka meli moja ya Wajerumani, na njia ya ziwani ikaanza kufunguka.

Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Tombeur liliondoka. Mwezi wa Mei likaingia Kigali, mwezi wa Julai Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 likaingia Tabora. Watu wengi walimsifu.

Lakini kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo chakula kilivyochelewa. Askari wenye njaa wakachukua ng'ombe na maharagwe ya wenyeji. Majeshi ya pande zote mbili yalifanya hivyo. Huko Rwanda njaa kubwa, iliyoitwa Rumanura, iliua watu wengi katika miaka ile. Mtoto wa kijijini hakupigana na mtu, lakini ghala la baba yake lilibaki tupu.

Wapagazi nao waliteseka. Wengi hawakwenda kwa hiari yao. Wale waliotoka Uganda walizoea kula ndizi. Walipopewa unga wa mahindi, wengi waliugua tumbo la kuhara damu, wakafa. Wengine walikufa kwa baridi ya milimani na kwa uchovu.

Baadaye Tombeur alirudi kutawala Katanga. Mfalme wa Ubelgiji alimpa cheo cha baroni, na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Alikufa Brussels mwaka 1947, na mwaka 1951 akajengewa sanamu katika mji ule.

Katika vita ile wapagazi wa jeshi la Kongo walikuwa zaidi ya 200,000. Walilisha jeshi zima, na mara nyingi wao wenyewe walilala njaa. Wengi hawana hata kaburi lenye jina. Watu wamewasahau, lakini Mungu anawajua wote, mmoja mmoja. Basi tukisoma habari za Jenerali Tombeur, tuwakumbuke na wale waliombebea unga, tuwaombee pumziko la milele.