Fritz Haber: Aliyeigeuza hewa kuwa mbolea

MKULIMA anayefunga safari hadi Kariakoo, wilayani Ilala, kununua mfuko wa urea wa kilo 50, hurudi shambani na kilo 23 za naitrojeni. Naitrojeni hiyo imetolewa hewani, kwa njia aliyoivumbua Mjerumani Fritz Haber.

Haber alizaliwa mwaka 1868 mjini Breslau, ambao leo ni Wroclaw, Poland. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa rangi na dawa. Enzi hizo mbolea ya chumvichumvi ilichimbwa jangwani Chile na kupelekwa Ulaya kwa meli, na wataalamu walihofu kwamba ingekwisha. Ajabu ni kwamba asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuila ikiwa hewani.

Mwaka 1909, mjini Karlsruhe, Haber aliiunganisha na haidrojeni kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, akapata amonia. Carl Bosch wa kampuni ya BASF akaikuza kazi hiyo hadi kiwanda, kilichoanza Oppau mwaka 1913. Urea hutokana na amonia hiyo. Ndiyo maana mkulima hushauriwa kuifukia: ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hugeuka tena amonia na kupotea hewani, pamoja na fedha zake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilizuia chumvichumvi ya Chile isifike Ujerumani. Amonia ya Oppau ikaingia kwenye baruti. Vita vikaendelea hadi 1918, hata huku Afrika Mashariki, ambako wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps.

Haber mwenyewe alisimamia gesi ya sumu ya klorini iliyofunguliwa Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Siku chache baadaye mkewe Clara, naye mwanakemia, alijipiga risasi. Haber akaondoka kwenda vitani tena. Hata hivyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, wengi wakinung'unika.

Baadaye alijaribu kuchuja dhahabu baharini ili Ujerumani ilipe fidia ya vita. Dhahabu ilikuwa kidogo mno, mradi ukafa.

Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimtaka awafukuze Wayahudi katika taasisi yake. Haber, mwenye asili ya Kiyahudi, alijiuzulu na kuihama nchi aliyoitumikia kiasi hicho. Alifariki Basel, Uswisi, Januari 29, 1934. Kwa matakwa yake, mabaki ya Clara yalihamishwa na kuzikwa pamoja naye.