William Froude, Mchunguzi wa Mrama

Nani kati yetu hajawahi kusema kwamba mambo yamekwenda mrama? Hapa Kisii na Nyamira tunalitumia neno hilo kila karatasi za hisabati zinaporudishwa, ilhali bahari iko mbali kule Mombasa. Kumbe mrama wenyewe ni kule kuyumba kwa chombo majini. Mtu aliyeupigia hesabu ni Mwingereza, William Froude, nami nimemchagua niwasimulie habari zake.

Alizaliwa mwaka 1810 huko Dartington, akasoma Oxford, kisha akafanya kazi ya reli chini ya mhandisi mashuhuri Brunel. Miaka ya 1850 Brunel alikuwa akiunda Great Eastern, meli kubwa kuliko zote za wakati huo, akamwomba Froude achunguze itakavyoyumba. Mwaka 1861 Froude alitoa jibu. Kila meli ina muda wake wa kulala upande na kurudi. Mawimbi yakija kwa muda uo huo, kila moja huongeza kidogo, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea, na mrama huzidi mpaka chombo kiwe hatarini.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Septemba 1870 manowari Captain, yenye milingoti mirefu na ubavu mfupi juu ya maji, ilipinduka usiku nje ya Uhispania. Walikufa watu zaidi ya 470, na aliyeibuni alikuwa mmoja wao. Sisi Wakenya uchungu huo tunaujua: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaza watu kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na ufuo, wakafa 272.

Baada ya Captain kuzama, Froude aliingizwa katika kamati ya kuchunguza manowari. Tayari alikuwa amepewa pauni 2000 ajenge birika la majaribio kando ya nyumba yake, Torquay. Yeye mwenyewe hakudai mshahara! Birika lilikamilika mwaka 1872, urefu wake karibu mita 85. Ndani yake alivuta vijimeli vya nta. Mabingwa wengine waliona ni michezo ya watoto, eti kijimeli hakiwezi kusema lolote kuhusu meli.

Lakini mzee alikuwa na kanuni yake. Kijimeli kikiwa kidogo mara 16, kivute kwa robo ya mwendo, nacho kitafanya mawimbi ya umbo lile lile la meli kubwa. Msuguano wa maji haufuati kanuni hiyo, kwa hiyo aliupima peke yake kwa kuvuta mbao, nyingine laini, nyingine zilizopakwa mchanga. Pia alivutisha meli halisi, Greyhound, baharini. Hesabu zikakubaliana! Meli hiyo hiyo ilifungwa mikuku ya ubavuni, ikashindanishwa na mwenzake isiyo nayo. Yenye mikuku iliyumba kidogo zaidi, maana mikuku hukoroga maji, na nguvu za mrama huishia katika vile vizingia.

Wanafizikia wenzangu, namba ya Froude haihitaji bahari. Nendeni Mto Gucha mahali penye kina cha sentimita 40. Hapo wimbi refu husafiri karibu mita 2 kwa sekunde. Maji yakienda polepole kuliko hivyo, namba iko chini ya 1 na wimbi laweza kupanda mto. Yakienda kasi zaidi, namba imepita 1, na wimbi husombwa lote kuelekea Ziwa Viktoria. (Msipime wakati wa mafuriko, jamani.) Wajenzi wa mabwawa na wa kuta za kuzuia mawimbi hutumia namba hiyo hadi leo.

Mwaka 1879 Froude alisafiri kwa manowari hadi Afrika Kusini, akiwa mgeni wa jeshi la majini. Aliugua akafia Simon's Town tarehe 4 Mei, akazikwa huko kwa heshima za wanamaji. Birika la Torquay lilibaki mikononi mwa mwanawe, Robert, naye akaendelea kuvuta vijimeli.