Augustino: Kijana aliyemwomba Mungu ambadilishe, lakini si leo

Una mstari wa Biblia kwenye stetasi yako ya WhatsApp? Wengi wetu tunao. Jumapili asubuhi tunachagua mstari mtamu, tunaurusha, na moyoni tunajua kabisa tunamrushia nani. Ni yule eksi. Ama yule rafiki aliyekopa pesa akazima simu. Ama yule shangazi mwenye mdomo. Mstari unawafaa watu wote mtaani isipokuwa wewe na mimi.

Leo nataka nikupe stori ya jamaa mmoja ambaye mstari ulimpata yeye mwenyewe. Anaitwa Augustino. Pengine umepita shule ama kanisa lenye jina lake, au la mama yake, Monika. Kwenye picha ana ndevu nyeupe na kofia ya uaskofu, hadi unadhani alizaliwa akiwa mzee mtakatifu. Wapi!

Alizaliwa Novemba 13, mwaka wa 354, huko Thagaste, mji mdogo ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Ndiyo, ni Mwafrika. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba dogo na hasira kubwa, na hakuwa Mkristo hadi alipokaribia kufa. Mama yake alikuwa mtu wa maombi. Kama mamako hakosi kesha ya Ijumaa, basi Monika unamjua tayari.

Kijana alikuwa mkali darasani. Akapelekwa kusoma Madauros, mji wa jirani. Halafu alipokuwa na miaka 16 hivi, karo ikaisha. Akarudi nyumbani kukaa tu, mwaka mzima, baba akitafuta pesa za kumpeleka Carthage, lile jiji kubwa lililokuwa pale Tunisia ya leo. Kama umewahi kutumwa nyumbani kwa sababu ya karo, unajua mwaka kama huo unavyokuwa. Usiku mmoja yeye na wasee wake wakavamia mti wa mapeasi wa jirani, wakautikisa hadi ukabaki mtupu. Hawakuwa na njaa. Kwao kulikuwa na mapeasi mazuri kuliko hayo. Wakaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe.

Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, aliandika kurasa nyingi juu ya mapeasi hayo. Kuna watu wanamcheka hadi leo, wakisema ni matunda tu. Lakini yeye alikuwa anajiuliza swali ambalo wewe na mimi hulikwepa: kwa nini nilifanya vile? Na jibu lake halikumpendeza. Hakutaka tunda. Alitaka ile raha ya kufanya kitu kilichokatazwa, na alijua kwamba angekuwa peke yake usiku ule, hangeiba.

Pesa zikapatikana. Tajiri mmoja wa kwao, Romanianus, akatoa msaada, na Augustino akaingia Carthage. Jiji likamfanya vile majiji hufanya vijana. Alipata mpenzi, wakaanza kuishi pamoja bila harusi, ile ya njoo tukae, na akiwa na miaka 18 hivi wakapata mtoto wa kiume. Walimwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Walikaa pamoja miaka mingi, na Augustino mwenyewe anasema alikuwa mwaminifu kwake. Jina la mwanamke huyo hatulijui, kwa sababu hakuliandika. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, akashikwa na kiu ya hekima. Akafungua Biblia kuona iko na nini. Akaona lugha yake ni ya kishamba, akaifunga. Akajiunga na wafuasi wa Mani, akakaa nao karibu miaka tisa. Hawa walifundisha kwamba kuna nguvu ya giza inayopigana na nuru ndani ya binadamu. Kwa hivyo ukikosea, si wewe hasa uliyekosea, ni lile giza. Hebu sema ukweli: dini ya kukuambia si kosa lako, ungeikataa?

Monika alikasirika kiasi cha kumkataza kuishi nyumbani kwake kwa muda. Halafu akarudi kwa silaha yake ya kawaida, machozi na maombi. Alimsumbua askofu mmoja aende akazungumze na kijana, hadi askofu akachoka, akamwambia aende zake kwa amani, kwani mtoto anayeliliwa hivyo hawezi kupotea.

Mwaka wa 383 Augustino akaamua kwenda Roma kutafuta maisha. Mama akamfuata hadi bandarini, akamshika, hataki kumwachilia. Akamdanganya. Akamwambia anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo mzuri. Monika akaenda kulala kwenye kikanisa kilichokuwa karibu na pale meli ilipokuwa, akaomba usiku kucha. Asubuhi meli ilikuwa imeondoka.

Hapa huwa ninasimama kidogo, kwa sababu sehemu hii hunichoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karibu muhula mzima mama alikuwa akinipigia simu kuuliza mitihani inaendaje, nami ninamjibu iko fiti, nikiwa nimelala kwa keja ya beshte yangu. Kila mara alimaliza kwa kuniombea. Kuna siku niliweka simu juu ya meza akiomba, nikaendelea kutazama mpira. Kwa hivyo nikifika pale bandarini, huwa ninakosa nguvu ya kumhukumu mtoto wa Monika.

Tuendelee. Huko Roma alifungua darasa, akagundua wanafunzi wa jiji hilo wana tabia yao: siku ya kulipa ikikaribia, wanahamia kwa mwalimu mwingine wote kwa pamoja. Mwaka uliofuata, 384, akapata kazi kubwa Milano, kufundisha ufasaha wa kuzungumza, karibu na jumba la mfalme. Kwa lugha yetu, alikuwa ameomoka.

Milano kulikuwa na askofu aliyeitwa Ambrosi. Augustino alienda kanisani kumsikiliza vile mtu wa kazi hiyo husikiliza mwenzake: anapangaje maneno, anainua sauti wapi. Lakini maneno hayaingii peke yake, huingia na maana yake. Polepole maswali aliyokuwa nayo juu ya Biblia yakaanza kupata majibu. Wafuasi wa Mani alikuwa ameshawachoka. Kichwa kilikuwa kimekubali. Shida ilibaki kwingine.

Monika alikuwa amemfuata hadi Milano. Kukapangwa harusi na binti wa familia ya maana, kwa sababu mtu wa cheo chake alihitaji mke wa cheo. Yule mwanamke waliyeishi naye tangu ujana akaonekana kizuizi. Akarudishwa Afrika. Aliondoka akiapa kwamba hatakuwa na mwanamume mwingine tena, na mtoto akaachwa kwa baba. Mchumba mpya alikuwa bado mdogo, ilibidi wangoje karibu miaka miwili. Augustino hakuweza kungoja. Akatafuta mwanamke mwingine wa kukaa naye.

Zamani, akiwa kijana, alikuwa amemwomba Mungu ampe maisha safi, ila asimpe mapema sana. Aliogopa asije akajibiwa haraka. Usicheke. Wewe umeshasema mara ngapi kwamba utaokoka baada ya Krismasi? Kwamba utaacha mchezo wa kubashiri mpira ukishinda mara moja tu kubwa? Kwamba utamwomba msamaha, lakini wacha kwanza mambo yapoe?

Sasa tufike Agosti mwaka wa 386. Augustino ana miaka 31. Mgeni Mwafrika anayefanya kazi kwa mfalme, Ponticianus, anawatembelea yeye na rafiki yake Alypius. Anaona barua za Paulo juu ya meza, anafurahi, anaanza kuwapa stori ya Antoni wa Misri. Antoni alikuwa kijana mwenye mali aliyeingia kanisani wakati Injili ya Mathayo inasomwa, pale Yesu anapomwambia kijana tajiri akauze vyake vyote awape maskini. Watu wengine walisikia habari za tajiri wa zamani. Antoni alisikia anaambiwa yeye. Akatoka, akafanya hivyo.

Stori hiyo ilimgonga Augustino. Mgeni alipoondoka, alikimbilia bustanini, akajitupa chini ya mtini akilia. Kutoka nyumba ya jirani akasikia sauti ya mtoto, kama anaimba, ikirudia kwamba achukue asome. Akakumbuka Antoni. Akachukua kitabu, akakifungua, akasoma mahali macho yalipoangukia. Ilikuwa Warumi 13, mstari wa 13 na 14. Hapo Paulo anawaambia watu waachane na karamu za ulevi, uasherati, ugomvi na wivu, wamvae Kristo, na waache kuupangia mwili namna ya kutimiza tamaa zake.

Cheki: hakuna jambo jipya hapo. Mama yake alikuwa amemwonya mambo hayo hayo tangu akiwa na miaka 16. Tofauti ni kwamba siku hiyo aliusoma kama barua yenye jina lake juu ya bahasha.

Kuna kitu kingine ninachokipenda zaidi. Alypius aliomba aone kilichosomwa. Akaendelea mbele kidogo, akafika Warumi 14, mahali Paulo anaposema aliye dhaifu wa imani akaribishwe. Akasema huyo ni yeye. Ukurasa ni mmoja, wasee ni wawili, na kila mmoja alichukua kilicho chake. Augustino hakumwambia mwenzake, skiza hii ya uasherati, inakufaa.

Mengine yalifuata. Akaacha kazi ile na harusi ile. Pasaka ya mwaka wa 387 Ambrosi akambatiza pamoja na Alypius na Adeodatus. Mwaka huo huo, wakiwa Ostia wakingoja meli ya kurudi Afrika, Monika akaugua akafa, akiwa ameona alichokiomba. Adeodatus naye alifariki akiwa na miaka 17 hivi, baada ya kurudi nyumbani. Mwaka wa 391 Augustino alitembelea Hippo, mji wa pwani ambao leo ni Annaba. Watu wakamshika kanisani, wakamfanya padri kwa nguvu, analia. Baadaye akawa askofu wao hadi kufa.

Ni huko Hippo alikoandika Maungamo, kile kitabu ambamo tumepata stori hizi za mapeasi, bandari na bustani. Na hapa turudi kwa yule mwanamke. Augustino anaandika kwamba walipotenganishwa, moyo wake ulichanika ukavuja damu. Lakini unaona ni moyo wa nani anaousimulia? Ni wake. Katika kitabu hicho hakuna mahali anaposimulia kumtafuta wala kumwomba radhi. Wengine husema alificha jina kumlinda, na pengine ni kweli. Lakini mimi nikisoma hapo hukumbuka Mathayo 5, pale Yesu anapofundisha kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana jambo nawe, uiache sadaka pale, uende kwanza mkapatane.

Umeona nilichofanya? Nimemrushia marehemu mstari. Miaka 1,600 na bado ninamtafutia makosa, wakati mama yangu alikuwa hajaambiwa ukweli.

Kwa hivyo nilipanda matatu nikaenda. Nilimkuta anachambua maharagwe nje, nikamwambia yote kabla sijaketi. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliniuliza pesa za karo ya muhula ule zilienda wapi. Hilo ndilo swali nililokuwa ninalikimbia miezi yote, kwa sababu zile pesa nilikula. Kutubu kwa Mungu nilikuwa nimetubu mara kadhaa, tena kwa machozi. Kwa yule aliyeuza ng'ombe, bado. Sasa ninamrudishia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Si nyingi, na hajaniambia kwamba yameisha.

Wewe una stori yako. Leo usiku chukua ule mstari ulio kwenye stetasi yako, uusome tena, na mahali penye mtu wa kukemewa weka jina lako. Kama kuna mtu atakayekuja akilini, si wa kumrushia, ni wa kumpigia.

Na usidhani ni kazi ya siku moja. Mwaka wa 430 jeshi la Wavandali lilikuwa limeizingira Hippo. Ndani ya mji, Augustino, miaka 75, alikuwa kitandani na homa. Alikuwa amehubiri karibu miaka 40 na kuandika vitabu vingi ajabu. Angeweza kuomba asomewe kimojawapo. Badala yake aliagiza Zaburi za toba za Daudi ziandikwe, zibandikwe ukutani mahali anapoweza kuziona. Akaomba asisumbuliwe ila daktari akija ama chakula kikiletwa. Kwa siku kumi hivi alilala pale akizisoma na kulia, hadi Agosti 28 alipofariki.