Agathe Uwilingiyimana: Waziri Mkuu aliyeulinda mkataba wa amani hadi kifo

Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 1994, katika mtaa wa Kiyovu jijini Kigali, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa akisubiri kusindikizwa hadi Radio Rwanda ili awatulize wananchi. Usiku uliotangulia ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa imetunguliwa, na yeye ndiye aliyebaki kiongozi halali wa serikali. Hakufika redioni.

Agathe alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, kusini mwa Rwanda. Alisoma katika shule ya Notre-Dame de Cîteaux jijini Kigali, akawa mwalimu wa hisabati, kisha akasomea kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa mjini Butare. Aliolewa na Ignace Barahira, wakajaliwa watoto watano.

Aliingia katika uongozi nchi ikiwa vitani. Tangu Oktoba 1990 jeshi la serikali lilikuwa likipigana na RPF Inkotanyi, ambayo miongoni mwa madai yake ilikuwa haki ya wakimbizi kurejea nyumbani. Aprili 1992 iliundwa serikali ya mseto iliyoshirikisha vyama vya upinzani, naye akateuliwa Waziri wa Elimu kupitia chama cha MDR. Aliondoa utaratibu wa kugawa nafasi za masomo kwa kuangalia kabila, akataka kila mwanafunzi apimwe kwa uwezo wake. Haukupita muda mrefu, watu wenye silaha wakamvamia nyumbani kwake.

Mwaka huohuo mazungumzo ya amani yalianza mjini Arusha, Tanzania. Julai 1993 Agathe akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, na tarehe 4 Agosti mkataba ukatiwa saini. Pande mbili zilikubaliana kugawana madaraka na kuunganisha majeshi: serikali ingetoa asilimia 60 ya askari na RPF asilimia 40, huku vyeo vya uofisa vikigawanywa nusu kwa nusu.

Kwa wenye msimamo mkali, hesabu hiyo ilikuwa hasara kuliko vita. MDR ikagawanyika, na mrengo wa Hutu Power ukamkana. Redio RTLM ikamwandama kwa matusi. Rais naye alitangaza kumwondoa madarakani, lakini Agathe akaendelea kuongoza serikali kwa muda, akingojea kumkabidhi ofisi Faustin Twagiramungu, aliyetajwa na mkataba kuwa Waziri Mkuu wa mpito. Kuapishwa kwa serikali hiyo mpya kuliahirishwa mara baada ya mara.

Agathe, aliyehesabiwa kuwa Mhutu, angeweza kujiunga na mrengo wenye nguvu akasalimika. Alichagua kubaki na mkataba, ingawa utekelezaji wake ungemwondolea cheo chake.

Usiku wa tarehe 6 Aprili, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, aliwataka maofisa wa jeshi wamtambue Waziri Mkuu. Kanali Théoneste Bagosora alikataa. Walinda amani kumi wa Ubelgiji na watano wa Ghana walikuwa nyumbani kwa Agathe, lakini njia zilikuwa zimefungwa. Asubuhi alikimbilia katika makazi ya jirani ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, akauawa pamoja na mumewe. Watoto wao walifichwa, wakaokolewa. Wabelgiji hao kumi nao waliuawa katika Kambi ya Kigali.

Siku hiyohiyo aliuawa pia Joseph Kavaruganda, Rais wa Mahakama ya Katiba. Waliouawa mapema walikuwa ndio hasa waliohitajika ili mkataba utekelezwe. Tarehe 9 Aprili iliapishwa serikali ya Jean Kambanda, na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yakaenea nchini kote, yakiangamiza zaidi ya watu milioni moja.

Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa ilimtia Bagosora hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mauaji ya Agathe yakiwa miongoni mwa makosa yake. Hukumu hiyo ilisomwa mjini Arusha, mji uleule ambako mkataba ulitiwa saini.

Leo Agathe amezikwa katika makaburi ya mashujaa huko Remera, akiwa katika daraja la Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa.