Roosevelt na presha ambayo hakuiuliza

Huenda wiki hii ulipimwa presha ukaambiwa iko juu kidogo, ukaenda zako bila kuuliza ni ngapi. Basi soma habari za Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1921, akiwa na miaka 39, aliugua polio na miguu ikapooza. Hata hivyo alichaguliwa rais, akaingia Ikulu mwaka 1933. Alivuta sigara nyingi, muda mwingi alikuwa kitini, na kazi ilimwandama usiku na mchana. Vihatarishi vya namna hiyo utavikuta leo kwa askari polisi anayekesha lindoni au dereva wa masafa marefu.

Mwaka 1935 presha yake ilikuwa 136/78. Mwaka 1937 ikafika 162/98, na 1941 ikawa 188/105. Siku hizi ukipimwa zaidi ya mara moja ukakutwa na 140/90, daktari atakuambia una shinikizo la juu la damu. (Omba namba zote mbili ziandikwe kwenye kadi yako, uzilinganishe na za mara iliyopita.) Lakini daktari wake, Ross McIntire, bingwa wa pua na koo, hakuona cha kutisha. Wakati huo madaktari wengi waliamini presha kupanda ni jambo la umri tu.

Aliyeshtuka ni binti yake, Anna. Alimwona baba amechoka, anakohoa, akashikilia apimwe upya. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alikuta 186/108, na moyo umetanuka, unashindwa kazi. Akampa dawa ya digitalis, wakampunguzia chumvi na sigara. Vidonge vya presha unavyopewa wewe kliniki havikuwepo. Cha kusikitisha, Roosevelt hakumuuliza Bruenn anaumwa nini, na wananchi waliambiwa ni mzima.

Aprili 12, 1945, akiwa Warm Springs, Georgia, alilalamika kisogo kinamuuma sana, kisha akapoteza fahamu. Presha ilisoma zaidi ya 300 kwa 190. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Alifariki mchana uleule, akiwa na miaka 63.

Miaka mitatu baadaye, mjini Framingham, Massachusetts, serikali ya Marekani ilianzisha utafiti wa kuwafuatilia watu 5,209 mwaka hadi mwaka. Ndiko ilikoonekana wazi kwamba presha ya juu, sigara na lehemu nyingi katika damu huandaa ugonjwa wa moyo miaka mingi kabla mtu hajajisikia vibaya.